Maswali ya Wasomaji: Betri Kubwa za Lithiamu Zinapopanda Lori

Safari hii barua nyingi zilizotufikia kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kufungasha na kusafirisha kwa barabara betri kubwa za lithiamu, zile zinazofungwa kwenye mitambo ya umeme wa jua, minara ya simu na vyombo vya usafiri vya umeme. Tumechagua tano.

Swali kutoka Masasi

Mhariri, pokea salamu. Mimi ni fundi wa umeme wa jua na nimepewa kazi ya kufunga mitambo katika zahanati za wilaya za Masasi na Nanyumbu. Betri 16 za lithiamu, kila moja ya volti 51.2 na ampea-saa 100, uzito wa kilo 48, zimeshushwa bandarini Mtwara. Zilikuja katika maboksi ya kadibodi juu ya paleti, lakini paleti zilivunjwa ghalani na maboksi manne yamelowa. Mwenye lori anasema tuzipange kwenye bodi kama betri za gari, kwa sababu hazina asidi ya kumwagika. Je, kanuni zinasemaje?

Jibu

Ndugu fundi, mwenye lori amesema kweli kuhusu asidi, ila hatari ameitafuta mahali isipokuwapo. Hatari ya betri ya lithiamu iko kwenye umeme uliohifadhiwa ndani yake na kwenye majimaji ya seli ambayo yanashika moto. Seli ikipigwa shoti, ikibonyezwa au ikipashwa joto kupita kiasi, joto huzaa joto jingine ndani kwa ndani, gesi yenye sumu na inayowaka hutoka kwa nguvu, na seli iliyo jirani hufuata. Kwa volti 51.2 ulizotaja, betri zako bila shaka ni za lithiamu chuma fosfeti, maana seli ya aina hiyo ni ya volti 3.2, na seli 16 zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa hesabu hiyo. Aina hii ni tulivu kuliko zile zenye nikeli na kobalti, lakini kanuni za usafirishaji haziipunguzii masharti kwa sababu hiyo.

Msingi wa kanuni zenyewe ni Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari, yanayohuishwa kila baada ya miaka miwili, na ambayo ndiyo yaliyozaa kanuni za meli, za ndege na za barabara katika nchi nyingi. Humo betri za lithiamu zimewekwa katika daraja la 9, yaani bidhaa hatari za aina mbalimbali. Betri ya lithiamu ayoni inayosafiri peke yake hupewa namba UN 3480; ikiwa ndani ya kifaa au imefungwa pamoja na kifaa chake, namba ni UN 3481. Mzigo wako ulipovuka bahari ulikuwa chini ya masharti hayo, kwa hiyo hati zake na lebo zake unazo tayari au anazo wakala wako wa forodha. Mwombe nakala kabla hajafunga faili.

Upo msamaha kwa betri ndogo, na huo ndio unaowachanganya watu wengi. Betri ya lithiamu ayoni isiyozidi wati-saa 100 hulegezewa masharti mengi. Sasa piga hesabu ya yako: volti 51.2 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 5,120. Msamaha huo haukuhusu hata kidogo, hata kama muuzaji amebandika kwenye boksi ile alama ndogo ya betri za simu.

Jambo la kwanza la kuhakikisha, kabla ya boksi lolote, ni kwamba aina hiyo ya betri imefaulu majaribio yanayoitwa UN 38.3. Betri huwekwa katika hali ya mgandamizo mdogo wa hewa kama wa angani, hupitishwa katika joto na baridi kwa zamu, hutikiswa, hugongwa, hupigwa shoti kwa makusudi na kuchajiwa kupita kiasi, na katika yote hayo haitakiwi kupasuka wala kuwaka. Tangu tarehe 1 Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wanawajibika kutoa muhtasari wa majaribio hayo kwa anayeuhitaji. Muuzaji akishindwa kukupa karatasi hiyo, mimi nisingeuchukua mzigo wake.

Tukija kwenye ufungashaji, maelekezo yanayohusika yanaitwa P903, nayo yana njia mbili kwa betri kama zako.

Njia ya kwanza ni kifungashio kilichopimwa na kuthibitishwa, kiwe boksi, pipa au dumu, kwa kiwango cha kundi la pili la ufungashaji, yaani la bidhaa zenye hatari ya wastani. Utakitambua kwa alama iliyochapwa ubavuni, inayoanza na herufi u na n ndani ya duara. Baada ya duara hufuata msimbo wa aina ya kifungashio: 4G ni boksi la kadibodi, 4D ni la plaiwudi, 4C ni la mbao za kawaida. Kisha huja herufi: Y ndiyo ya kundi la pili, X ni bora zaidi na inafaa pia, lakini Z haitoshi kwa betri hizi. Namba iliyoshikana na herufi hiyo ni uzito wa juu kabisa kwa kilo, kifungashio na vilivyomo vikipimwa pamoja. Kwa hiyo boksi lililoandikwa 4G/Y60 linaibeba betri yako ya kilo 48 pamoja na povu lake, wakati lililoandikwa 4G/Y40 halifai, hata kama betri imeingia vizuri na kifuniko kimefungika.

Maboksi manne yaliyolowa yamekwisha kazi. Kadibodi ikilowa ikakauka huonekana nzima, lakini tabaka la mawimbi katikati yake limekwishalegea, na ukibonyeza kona kwa kidole gumba utaona inaingia na hairudi. Alama iliyochapwa juu yake haina maana tena, kwa sababu kilichopimwa ni boksi kavu. Usiyaimarishe kwa selotepu. Kabla ya kuhamisha betri, fungua kila moja na utazame kama maji yamefika kwenye gamba lake. Ikiwa yamefika, hasa kama ni maji ya bahari, betri hiyo iweke kando na usome jibu letu kwa fundi wa Lindi hapa chini.

Njia ya pili ndiyo mkombozi wa watu wa kusini, kwa maana maboksi yenye alama si bidhaa unayoikuta dukani Masasi. Betri yenye uzito wa kilo 12 au zaidi, ikiwa ina gamba la nje imara linalohimili kugongwa, inaruhusiwa kusafiri katika kifungashio imara cha nje, au ndani ya kizimba kama kreti ya mbao yenye nafasi kati ya ubao na ubao, au hata juu ya paleti, na kifungashio hicho hakilazimiki kuwa na ile alama ya kupimwa. Fundi seremala wa mtaani kwako anaweza kukitengeneza. Masharti yanabaki mawili makubwa: betri isiweze kusogea kwa namna yoyote, na vichwa vyake, yaani ncha chanya na ncha hasi, visibebe uzito wa kitu kingine kilichowekwa juu.

Neno la kupima hapo ni “imara”. Betri nyingi za kuingizwa kwenye raki zina gamba la bati jepesi, na zipo ambazo bati lake linabonyea ukiliegemea kwa kiwiko. Sioni jinsi ya kuliita hilo gamba linalohimili kugongwa, kwa hiyo betri za namna hiyo ningezirudisha kwenye njia ya kwanza, au ningemtaka mtengenezaji aseme kwa maandishi kwamba gamba lake linatosha. Zenye gamba la chuma kinene au la aluminiamu ya kumimina hazina ubishi.

Ukimwagiza seremala, mpe maelekezo yafuatayo. Mbao ziwe kavu, kwa kuwa mbao mbichi ya mwembe husinyaa na kuacha betri ikicheza ndani. Atumie skrubu badala ya misumari, na kila skrubu iwe fupi kuliko unene wa mbao mbili zinazounganishwa. Kisha apitishe kiganja ndani ya kreti nzima kabla betri haijaingia, kwa sababu ncha moja ya msumari iliyochomoza ndani, ikisuguana na gamba kilomita baada ya kilomita, ndiyo itakayofanya kazi ambayo kreti iliwekwa kuizuia. Chini na pembeni weka povu gumu au mpira, visiwe vipande vya godoro laini, kwani godoro hubonyea na baada ya mwendo kidogo betri inakuwa huru.

Vichwa vya betri vishughulikiwe kabla ya yote hayo. Zima swichi kuu ya betri. Ondoa nyaya na vipande vya shaba vya kuunganishia, uvifungashe kwenye boksi jingine kabisa pamoja na spana zako. Rudisha vifuniko vya plastiki vilivyokuja na betri, na kama vimepotea, funika kila kichwa peke yake kwa utepe wa umeme wa tabaka kadhaa, kisha weka kipande cha plastiki ngumu juu yake. Betri moja ya aina hii ikipigwa shoti kwa spana inaweza kutoa ampea elfu kadhaa kwa kitambo kifupi, na swichi ya usalama iliyo ndani isitegemewe kama mlinzi pekee.

Kila kifurushi kibandikwe lebo ya daraja la 9 ya betri za lithiamu. Ni mraba uliosimama kwa kona, wa milimita 100 kwa kila upande, wenye mistari myeusi ya wima nusu ya juu, na chini picha ya betri kadhaa ambazo moja imevunjika na inatoa mwali, kisha tarakimu 9 iliyopigiwa mstari. Pembeni yake iandikwe UN 3480 kwa herufi zenye urefu usiopungua milimita 12, kwa kuwa kifurushi chako kinazidi kilo 30. Katika hati ya mzigo yaandikwe namba hiyo, jina rasmi kama lilivyo katika hati za meli, daraja la 9, idadi na aina ya vifurushi, uzito wa jumla, na majina ya mtumaji na mpokeaji. Dereva abebe hati hiyo mbele kwenye kabini; ikifungiwa nyuma na mzigo haitamsaidia askari wa zimamoto.

Swali kutoka Mtwara Mjini

Nina lori la tani kumi. Kwenda juu Newala na Tandahimba napeleka mizigo ya wafanyabiashara na pembejeo, kurudi napakia korosho. Nimeombwa kuchanganya betri kubwa za lithiamu na mifuko ya salfa ya wakulima, kisha nifunike turubai moja. Kuna tatizo?

Jibu

Lipo, nalo ni kubwa kuliko la betri zenyewe. Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga inaingia katika daraja la 4.1, la vitu vikavu vinavyoshika moto kwa urahisi, na vumbi lake likitanda hewani huwaka kwa cheche ndogo. Ikiungua hutoa gesi ya salfa dioksidi inayokaba kifua. Kuiweka ubavuni mwa mzigo ambao ukiharibika hutoa cheche na joto la mamia ya nyuzi ni kuuandaa moto. Kwa kujibu moja kwa moja: salfa isafiri siku nyingine. Petroli na dizeli za kwenye madumu vivyo hivyo, na mitungi ya gesi vivyo hivyo. Korosho ghafi katika magunia ya juti si bidhaa hatari kwa kanuni hizi, lakini magunia ni makavu na ganda la korosho lina mafuta yanayowaka vizuri, kwa hiyo ukilazimika kuchanganya, acha nafasi na uweke kizuizi cha ubao baina yake.

Kuhusu kufunga mzigo, wengi hufikiria mlima tu, wakati nguvu kubwa kuliko zote huja dereva anapokanyaga breki. Vipimo vya Ulaya vya kufunga mizigo hudai mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma asilimia 50. Chukua betri za yule fundi wa Masasi: 16 kwa kilo 48 ni kilo 768, bila kreti. Asilimia 80 yake ni takriban kilo 614 zinazotaka kwenda kwenye kabini kwa mara moja. Kamba ya katani iliyofungwa kwa fundo haiwezi kuaminiwa na mzigo huo. Pakia kreti zikigusa ukuta wa mbele wa bodi, ziba mapengo kwa mbao au paleti tupu, kisha kaza kwa mikanda ya racheti, ile yenye kikazio cha meno, yenye maandishi ya uwezo wake yanayosomeka. Mkanda upite juu ya kreti, usipite juu ya vichwa vya betri.

Mikanda hulegea mwanzoni mwa safari, mzigo unapojikalia. Ukitoka Mtwara kwa barabara ya Lindi, simama Mikindani uikaze upya, na uitazame tena Mingoyo kabla ya kukata kuelekea Masasi. Ukipitia Mnivata, kagua kabla ya kuanza kupanda. Kwenye barabara za vumbi zinazoingia vijijini mwendo wenyewe ndio kifungashio cha mwisho, na hakuna povu litakaloifidia haraka ya dereva.

Turubai ni lazima wakati wa masika, lakini lisigandamane na betri. Liinue kwa mbao ili hewa ipite, na usiegeshe juani mchana kutwa mzigo ukiwa umefunikwa; kila betri ina karatasi inayotaja joto la juu la kuhifadhia, nawe uisome kabla ya kupakia. Abiria wa juu ya mzigo wasipande. Hili halina mjadala, hata akiwa mwenye mzigo mwenyewe.

Ukiona moshi, ukisikia mlio wa kufukuta au ukipata harufu tamu isiyo ya kawaida, sogeza lori mbali na nyumba ikiwa inawezekana, simama, zima injini, na watu wote wakae upande unakotoka upepo. Piga 114 uwaambie Zimamoto kwamba ni betri za lithiamu, usiseme “betri” tu. Kizimamoto cha unga kilichoko kwenye kabini kinaweza kuzima mwali wa turubai au wa mbao, lakini hakipoozi seli. Kinachopooza ni maji mengi kwa muda mrefu, na kazi hiyo waachiwe wenye vifaa, kwa sababu moshi wake una floridi ya haidrojeni. Betri iliyozimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa au hata siku, kwa hiyo isirudishwe ghalani wala isisogezwe karibu na mzigo mwingine.

Swali kutoka Lindi

Betri ya lithiamu ya kilo 45 ya mteja wangu iliingiliwa na maji ya mafuriko. Gamba limevimba upande mmoja. Muuzaji wa Dar es Salaam yuko tayari kuibadilisha endapo nitamrudishia ile mbovu, na ameshauri niiweke kwenye buti la basi ndani ya boksi lake la zamani. Nahofia nikichelewa dhamana itaisha. Nifanyeje?

Jibu

Ndugu yangu, ushauri wa buti la basi usiufuate, na hiyo dhamana isikuharakishe. Chini ya buti kuna mizigo ya watu na juu yake wamekaa watu wenyewe, katika safari ya kutwa nzima ambayo mvua zikiharibu barabara, kama ilivyotokea Somanga Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, inaweza kuwa zaidi ya kutwa.

Kanuni zinatenga kabisa betri nzima na betri iliyoharibika. Iliyoharibika ni ile yenye kasoro ya kiusalama iliyotambuliwa na mtengenezaji, iliyovuja au kutoa gesi, iliyoumia kwa kugongwa au kubonyezwa, na pia ile ambayo hali yake haiwezi kupimwa kabla ya safari. Yako imevimba na imelowa, kwa hiyo ina sababu zaidi ya moja. Tangu hapo yale maelekezo ya P903 niliyomweleza fundi wa Masasi hayakuhusu tena.

Swali linalofuata ni kama imetulia au haijatulia. Iweke nje, mbali na nyumba, juu ya zege au udongo mtupu, chini ya kivuli na isiponyeshewa. Usiichaji, usiitoboe ili “kutoa upepo”, na usiifungue gamba. Ifuatilie kwa siku kadhaa. Ikiwa ina joto kuliko hewa ya pale, inafukuta, inatoa harufu au inazidi kuvimba, ni betri inayoweza kulipuka au kuwaka njiani, na hiyo husafirishwa tu katika vifungashio maalumu ambavyo, hata betri ikiwaka ndani, mwali hautoki, vipande havirushwi, na uso wa nje hauzidi nyuzi joto 100. Vifungashio hivyo huthibitishwa na mamlaka husika ya nchi. Fundi hawezi kuvibuni karakana kwake, nami sitakupa maelezo ya kujaribu.

Ikiwa imetulia kabisa, maelekezo yanayohusika ni P908. Betri hiyo hufungashwa peke yake ndani ya kifungashio cha ndani, kisha hicho huingizwa ndani ya kifungashio cha nje kilichopimwa kwa kundi la pili, na kimoja kati ya hivyo viwili lazima kisivujishe majimaji. Kwa kuwa inazidi kilo 30, ni betri moja tu kwa kila kifungashio cha nje; usiiwekee mwenzake. Kati ya kifungashio cha ndani na cha nje ujazwe kitu kisichowaka na kisichopitisha umeme ili kizuie joto. Kinachotumika sana ni vermikulaiti. Maranda ya seremala na makumbi ya nazi, ambayo ndiyo yaliyo karibu na mikono yetu huku pwani, yote huwaka, kwa hiyo yasitumike. Mchanga mkavu hauwaki, lakini mchanga wa ufukweni una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na mchanga wenye chumvi na unyevu unapitisha umeme. Pipa la chuma lenye kifuniko kilichofungwa kabisa nalo liwe na tundu la kupumulia lililotengenezwa kwa kazi hiyo, maana gesi ikikosa njia pipa lenyewe linageuka kuwa hatari.

Nje yake, pamoja na lebo ya daraja la 9 na namba UN 3480, huandikwa kwa Kiingereza kwamba ni betri ya lithiamu ayoni iliyoharibika, kama kanuni zinavyotaka, nami ningeongeza maneno hayo kwa Kiswahili kwa ajili ya utingo na wapagazi, ambao ndio watakaoibeba.

Kuna upande wa pili wa jambo lako ambao muuzaji hakuutaja. Betri isiyofaa tena, ikiwa haipelekwi kutengenezwa bali kutupwa au kurejelezwa, ni taka hatarishi, na Kanuni za Usimamizi wa Mazingira kuhusu taka hatarishi za mwaka 2021 zinataka anayeikusanya na anayeisafirisha awe na kibali, kinachoombwa kupitia NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kanda ya Kusini ya Baraza hilo ina ofisi Mtwara. Mwandikie muuzaji barua fupi yenye picha za betri, namba yake ya utambulisho na tarehe uliyomjulisha, umwambie wazi kwamba haiwezi kupanda basi na kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kutafuta msafirishaji mwenye kibali. Wauzaji wengi wakishapata picha na maelezo ya maandishi huacha kudai mwili wa betri, hasa wakielezwa gharama ya kuisafirisha kwa kanuni.

Swali kutoka Newala

Je, nikiimaliza chaji yote kabla ya kupakia, betri ya lithiamu haiwezi kuwa salama bila maboksi na kreti?

Jibu

Hapana. Chaji ikipungua, moto ukitokea huwa mdogo zaidi, na ndiyo maana kanuni za ndege tangu Aprili 2016 zinataka betri za lithiamu ayoni zinazosafiri peke yake zisizidi asilimia 30 ya chaji, tena katika ndege za mizigo tu. Kwa lori hakuna kiwango kama hicho, ingawa sioni ubaya wa kukifuata. Lakini majimaji yanayowaka yangali ndani hata mita ikisoma sifuri, na betri iliyonyonywa chini ya kiwango chake huharibika kwa ndani, ikaweza kupata shoti siku utakapoichaji tena. Iache kwenye asilimia 30 hivi na uifungashe kama tulivyoeleza.

Swali kutoka Kilwa Masoko

Naleta pikipiki tatu za umeme kwa lori. Betri ziondolewe au zibaki ndani?

Jibu

Zibaki, ikiwa zimefungwa kwa boliti kwenye fremu na hazina hitilafu. Chombo chenye betri ya lithiamu ayoni ndani yake kina namba yake mpya, UN 3556, ambayo kwa meli ni ya lazima tangu tarehe 1 Januari 2026, na fremu ya pikipiki inakuwa sehemu ya ulinzi wa betri. Zima swichi kuu, toa ufunguo, isimamishe wima na uikaze kwa mikanda kutoka kwenye fremu, usiikaze kutoka kwenye usukani. Ukizitoa betri, kila moja inageuka kuwa mzigo wa UN 3480: ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880, nayo itahitaji boksi lake, vifuniko vya vichwa vyake na lebo yake. Zile zinazochomolewa kwa mpini ili zikachajiwe ndani ya nyumba zikaguliwe komeo lake kabla ya safari. Likiwa limechakaa, zitoe na uzifungashe.